Doa Jeupe Kifuani mwa Mek

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Mvua ya wilaya nzima ya Phimai sasa iko mikononi mwangu. Sijisifu. Naandika tu, ili baadaye watu wasije wakasema hawakuambiwa.

Mambo yako hivi. Mwezi wa saba huu, na matope hakuna. Miche ya mpunga ya dada yangu Lamduan imekuwa ya njano kama meno ya mvuta tumbaku. Leo Bibi Kaeo, mzee wetu wa matambiko, ametangaza hekaluni kwamba Jumapili tutamtembeza paka. Paka jike wa kijivu anatiwa kwenye tenga la mianzi, anabebwa nyumba kwa nyumba kwa ngoma na matoazi, kila nyumba inammwagia maji, paka analia, mbingu zinasikia. Paka atachaguliwa Jumamosi asubuhi. Na mwenye paka, hapa ndipo roho yangu ilipo, mwenye paka anatembea mbele. Mbele ya ngoma! Mbele ya mwenyekiti wa kijiji! Shati jeupe, kichwa juu.

Miaka miwili iliyopita alitembea Khamphan wa gereji, jirani yetu, na paka wake Thao. Mvua ikanyesha siku ya tatu. Tangu siku hiyo Khamphan hafungui nati ya mtu bila kumkumbusha. Wingu likipita analipungia mkono kama shemeji yake. Na ana mvi mpaka kwenye nyusi! Mimi nina miaka hamsini na sita na sina hata moja. Damu tu, bwana. Ukoo wetu ndivyo ulivyo.

Mwaka huu ni Mek. Paka wangu. (Lamduan anasema ni wake, kwa kuwa yeye ndiye anayemlisha. Hoja dhaifu.) Jina lake maana yake wingu, na rangi ndiyo hiyo: kijivu cha wingu lililoshiba, ncha za manyoya kama zimechovywa kwenye fedha. Kasoro moja. Kifuani, chini ya shingo, ana doa jeupe. Dogo! Sarafu ya bahti kumi. Lakini sharti la Bibi Kaeo kila mtu analijua: asiwe na unyoya mweupe, maana nyeupe ni jua.

Hilo si tatizo kwa mtu aliyewahi kuficha vifaru vitatu vya jeshi kwa migomba miwili. Nimekwangua masizi ya chungu cha wali, nikachanganya na mafuta ya nazi, nikampaka. Doa likapotea. Nikakaa nile papai langu la kutwanga, sahani moja.

Sahani haijaisha, kalamba masizi yote, doa limerudi. Tena jeupe kuliko mwanzo!


Jumanne, tarehe 9 Julai

Kosa la jana nimelijua. Masizi na nazi ni matamu. Leo nimekwenda nyuma ya hekalu nikakata ule mtambaazi mchungu ambao akina mama hujipaka kifuani wakitaka kumwachisha mtoto ziwa. Nikauchemsha mpaka maji yakawa meusi. Nikachanganya na masizi. Nikaonja kwa ncha ya kidole, kuhakikisha tu.

Hadi naandika hapa sisikii ladha ya kitu chochote. Mchana Lamduan kaniwekea supu ya samaki wa kuchachusha, nimeinywa kama maji. Akaniuliza kama naumwa, maana sijalalamikia chumvi.

Na Mek? Kalamba mara moja. Akatoa povu. Akatikisa kichwa. Akanitazama mimi, wala si kile kibakuli, mimi! Kisha akarudi kazini na povu lake lile lile mdomoni. Mimi, mtu mzima niliyewahi kuvaa sare, nimeangushwa na tone moja. Yeye kamaliza dawa yote.

Ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Miaka sita paka huyu anajilamba mbele yangu, nami nikidhani anapitisha muda kama mimi. Kumbe ana utaratibu! Kwanza midomo. Kisha analowesha mkono, anapangusa shavu, anapita nyuma ya sikio, anaulowesha tena. Hatumii mate yale yale mara mbili. Shavu la pili. Mabega. Mbavu. Halafu mguu wa nyuma unakwenda juu, wima, kama mtu anayepiga zeze, na tumbo linaoshwa. Vidole anavipanua, anatafuna katikati yake. Mkia mwisho, kaushika kwa mikono miwili kama anayekula hindi la kuchoma. Hakuna alipopasahau.

Nimekaa pale tangu chai mpaka jua la utosi. Mdomo wazi. Mimi leo nimeoga kata mbili, nazo za shingoni tu.


Jumatano, tarehe 10 Julai

Siku mbaya. Halafu nzuri. Halafu mbaya zaidi.

Daktari wa mifugo kaja na boksi lake la barafu kuchanja kichaa cha mbwa. Binti anaitwa Orathai, mpole, lakini macho makali. Kamshika Mek, kamnusa, kauliza huu weusi kifuani ni nini (asubuhi nilikuwa nimempaka upya). Nikamwambia ni alama ya kuzaliwa. Akaisugua, akanionyesha kidole chake. Alama ya kuzaliwa imehamia kidoleni. Mjomba, akaniambia, chochote unachompaka paka kwa nje, jua umemlisha. Kwake ngozi na tumbo ni mlango mmoja. Masizi haya ukiendelea nayo utamuua.

Nikamwambia nilikuwa nalijua hilo tangu jeshini.

Basi kwa kuwa nilikuwa nalijua, akanifundisha. Akamfungua Mek mdomo, taratibu, akaniambia nitazame. Nikaazima miwani ya Lamduan. Wacha we! Ule si ulimi, ni mbuzi ya kukunia nazi! Vijimiba, safu kwa safu, mamia, vyote vimelalia upande mmoja kuelekea kooni, kama miche ya mpunga iliyopigwa na upepo. Na kila kimwiba, kasema daktari, ncha yake ina kijishimo kama kijiko. Kinachota mate mdomoni, kinayapeleka mpaka chini kabisa, kwenye ngozi, mahali ambapo hata chanuo halifiki. Mate yale yakikauka yanamtuliza joto. Yaani hiki kiangazi chote sisi tunagombana kwenye foleni ya kisima, na mwenzetu anatembea na kisima kinywani!

Nikatoa ulimi wangu mwenyewe nikaupapasa kwa kidole. Mimi! Lamduan alidhani nimepatwa na kiharusi.

Ubaya ni kwamba Khamphan alikuwa nyuma yangu kwenye mstari, kambeba Thao. Kaliona doa. Hakusema kitu mbele ya daktari, maana yeye mwenyewe alikuwa anapewa onyo: Thao mnene mno, ulimi haumfikii mgongoni, apunguziwe wali. Lakini tulipotoka kaniita kwa sauti ya soko zima. Jenerali! Jenerali, naona paka wako kajitundikia jua kifuani, Jumapili tuje na miavuli ya mvua au ya jua?

Nilitoa chanuo langu mfukoni nikachana nywele, polepole, aone vizuri zilivyo nyeusi.


Alhamisi, tarehe 11 Julai

Hakuna kupaka tena. Namtii daktari. (Isitoshe, wazo hilo nilikuwa nalo kabla yake.)

Leo: nguo. Paka akivaa shati, doa halionekani. Bibi Kaeo akiuliza, nitasema ni heshima kwa hekalu. Nimekata mkono wa fulana yangu ya kijivu, nikatoboa matundu mawili ya miguu, nikamvisha. Kapendeza! Nikapiga hatua nyuma nimwone vizuri.

Kwanza akaganda. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, kama anayetaka kutoka ndani ya shati na kuliacha limesimama. Kinyumenyume chini ya meza. Kinyumenyume barazani. Nikamwambia simama. Kinyumenyume kwenye ngazi. Lamduan alikuwa anapanda na ndoo ya maji ya kisima, aliyoipangia foleni tangu alfajiri.

Maji yote ngazini. Shati limetoka. Lamduan kasema maneno ambayo sikujua dada yangu anayajua. Kasema, wewe Waeng (Sawaeng kwake ni refu mno), kichwa chako hicho mungu wa mvua akikiona anahama wilaya.

Lakini nitaandika nilichokiona. Mek, baada ya kuanguka ngazi nane mbele ya kuku wote, alifanya nini? Alikimbia? Alijificha? Alikaa. Akatazama pembeni, kama ngazi hazimhusu. Akalamba bega lake mara tatu, mara nne. Na aibu ikaisha! Niliiona inaisha. Mgongo uliokuwa umevimba ukalala, masikio yakasimama, pumzi ikatulia. Kaifuta aibu kwa ulimi kama vile vumbi.

Hamsini na sita, na hakuna aliyenifundisha hilo. Mimi nikiaibika nachana nywele. Hazisaidii kiasi hicho.


Ijumaa, tarehe 12 Julai

Kesho ndiyo kesho. Doa lipo.

Nina chupa fulani. Ipo nyuma ya ghala la mpunga, ndani ya buti la zamani. Ni dawa ya kichwa. Haijalishi ya nini. Ni nyeusi, inashika vizuri kwenye nywele, na nimejua tangu Jumatatu kwamba ingemaliza kazi kwa dakika ishirini.

Alasiri Lamduan kaenda kitaluni kumwagilia miche kwa kikombe, mche kwa mche, kama anayenywesha wagonjwa. Nikaichukua chupa. Mek alikuwa juu ya kitanda cha mianzi. Nikafungua kizibo. Harufu ikatoka, ile kali. Akanusa. Akanitazama. Kisha, sijui kwa nini, akanyoosha shingo akanilamba mkono, hapa kwenye kifundo. Mara mbili. Ulimi ule! Msasa wa moto. Nikaviona vile vijiko vyote, mamia, kila kimoja kinachota, kinapeleka tumboni. Vitachota na hii dawa. Havichagui. Ataimaliza yote mpaka doa liwe jeupe, hata kama ndicho kitu cha mwisho atakacholamba.

Kwa hiyo chupa iliniponyoka mkononi. Bahati mbaya. Kilichobaki nikakitumia kwa shughuli nyingine, nyuma ya ghala, na kioo. Kisha nikasugua mikono kwa sabuni mpaka ikawa myekundu, asije akanilamba tena.


Jumamosi, tarehe 13 Julai

Sentensi ya kwanza nimeiandika mara tatu nikaifuta. Naandika yaliyotokea tu.

Mpango wangu wa mwisho ulikuwa kidole gumba. Namshika Mek kifuani, kidole juu ya doa, siondoi. Kijiji kizima kilikuwa ukumbini hekaluni. Bibi Kaeo kwenye kiti cha plastiki, tambuu shavuni. Khamphan kaja na Thao kwenye mto mwekundu, kama amemleta bi harusi. Kuniona tu akapaza sauti: eti Jenerali, mbona umemkaba mwenzio, au ni mateka wa vita? Watu wakacheka. Bibi Kaeo akaniambia nimweke chini. Nikasema miguu inamuuma. Akasema mtoto wewe, mweke chini.

Nikamweka chini.

Mek akawatazama watu. Mia moja hivi, na mbwa wanne. Akakaa katikati ya sakafu. Akainua kidevu. Akaanza kulamba, na akaanzia wapi? Pale pale! Kwenye doa! Khamphan akapiga makofi. Nilitamani sakafu ipasuke.

Lakini kicheko kilikufa chenyewe. Maana Mek aliendelea. Kutoka doani akaenda begani, mbavuni, mguu juu, wima, bila haraka, kama yuko peke yake duniani. Unausikia ulimi: kwarr, kwarr, kwarr. Mtu nyuma yangu akanong'ona loh, tazama. Mbwa wamekaa chini. Mtawa mmoja aliacha kufagia. Wiki ya tatu hii hakuna aliyeoga vizuri kijijini, sote tunanuka, vumbi mpaka kwenye kope, na katikati yetu kile kiumbe kinang'aa. Bila hata tone la kisima.

Bibi Kaeo akainuka. Akapitisha vidole mgongoni kwa Thao. Vikatoka vyeusi. Akanusa. Mafuta ya injini! Akamuuliza Khamphan: wewe unataka tuite mvua au moto? Khamphan akasema Thao hulala chini ya pikipiki, si kosa lake. Kisha vidole kwa Mek. Vikatoka vikavu, safi. Khamphan akaruka: ana doa! Nyeupe ni jua, umesema mwenyewe, Bibi!

Bibi Kaeo akatema tambuu. Akasema doa lenyewe ni dogo kuliko mvi zake mwenyewe, na kama weupe kidogo unazuia mvua, basi na wenye mvi wote tubaki nyumbani Jumapili, tuone nani atapiga ngoma. Mek ndiye.

Mek ndiye! Mek!

Kisha akanitazama kichwani, muda mrefu. Akasema, abaki nyumbani kila mtu isipokuwa Sawaeng. Yeye hana hata moja. Ajabu.

Ile ajabu yake sikuipenda.


Jumapili, tarehe 14 Julai

Shati jeupe lililopigwa pasi. Viatu. Nywele nyeusi kama kunguru, zimelala upande. Nilitoka mbele ya ngoma. Mbele ya mwenyekiti! Nyuma yangu tenga, watu wawili wamebeba, ndani yake Mek.

Nilikuwa nimewaza doa wiki nzima. Nilikuwa nimewaza ulimi. Maji sikuyawaza kabisa. Mtu aliyezaliwa kijiji hiki, aliyeona paka wakimwagiwa maji tangu yuko mgongoni kwa mama yake!

Nyumba ya kwanza wakamwaga kikombe. Wanabana maji, masikini. Ya pili, kikombe. Ya tatu ni gereji. Khamphan kasimama na pipa zima, sijui kaliweka akiba tangu lini. Akarusha maji yote. Tenga akalikosa kwa hatua nne. Khamphan ni fundi miaka ishirini, hajawahi kukosa nati.

Yalinipata utosini.

Nilidhani watu wanashangilia. Kisha nikaona shati. Mistari myeusi, kutoka kola mpaka mkandani, kama mtu aliyevaa pundamilia. Nikapangusa paji la uso, mkono mweusi. Khamphan kapiga magoti kwa kicheko. Lamduan akaja karibu, akashika unywele wangu mmoja, akauangalia juani, akasema, Waeng, miaka minne nadhani panya wanainywa dawa yangu ya nywele.

Nikafikiri haraka, kijeshi. Nikapanda juu ya jiwe nikawatangazia kwamba nimejipaka kwa makusudi. Ni dawa ya kale. Weusi huita wingu jeusi. Walicheka mpaka mpiga matoazi akaangusha toazi moja.

Na Mek alikuwa analia. Kalowa, mdogo kama panya, sauti kubwa kuliko ngoma. Nilijisikia vibaya, niseme kweli. Nikataka kusema basi, inatosha, mtoeni. Kabla sijasema, akanyamaza. Tenga linayumba, ngoma zinapigwa, watu mia wanapiga kelele, na yeye akaanza. Midomo. Mkono. Shavu. Nyuma ya sikio. Kwa mpangilio ule ule. Niliganda katikati ya njia mpaka ngoma kubwa ikanigonga mgongoni.

Nikatoa chanuo nami. Likatoka jeusi.


Jumatatu, tarehe 15 Julai

Imenyesha!

Saa tisa alasiri. Nilihesabu matone mpaka mia mbili, kisha nikashindwa. Nusu saa nzima! Lamduan alisimama kitaluni bila mwavuli, viganja juu, na miche imeinua vichwa. Nimekwenda gerejini kumweleza Khamphan kilicholeta mvua. Si paka, ni kichwa changu, watu wote waliona weusi ukishuka na wingu likafuata siku ya pili. Yake ilichukua siku tatu. Akasema anaomba radhi, Jenerali, mwakani tutakutia wewe tengani. Alidhani ananitania. Nimekwisha pima tenga. Nikikunja magoti naingia. Na mtu anayekwenda Korat nimemwagiza chupa ya dawa isiyotoka kwa maji. Mbili.

Jioni nimeosha kichwa. Sabuni mara nne, maji ya mvua, mpaka yakatiririka meupe, kisha nikaosha tena kwa ajili ya vile vijiko. Nikajilaza kwenye kitanda cha mianzi. Kioo nimekigeuzia ukutani.

Mek kaja. Kaninusa kichwa. Kaweka mkono mmoja juu ya sikio langu, kunishika nisitoroke, akaanza. Kwarr, kwarr. Kutoka panda la uso kwenda nyuma, safu kwa safu, hapiti mahali mara mbili. Daktari alisema mama paka huwafanyia hivyo wanawe ambao hawajajua kujiosha. Uliuma, ule msasa. Sikutikisika. Tangu mama afe hakuna aliyenichana.

Nywele zangu ni nyeupe zote, tangu nina miaka thelathini na tatu. Hilo sasa wanalijua. Ambalo hawalijui, na litabaki humu humu daftarini, ni kwamba alipofika nyuma ya sikio, mimi Sawaeng, mtu wa jeshi, nilifumba macho nikanguruma. Kama paka. Kwa sauti. Lamduan akauliza kutoka jikoni kama kuna pikipiki inayokuja.